Daftari la Michango Mtandaoni: Yampasayo Mwombaji na Yampasayo Mtoaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wahenga hutajwa zaidi katika biashara, lakini unaihusu michango ya hisani vilevile. Katika jamii yetu, mchango wa harusi, wa msiba au wa ujenzi wa darasa umekuwa na daftari lake tangu zamani. Mhazini huandika jina la mtoaji na kiasi alichotoa. Msibani, jumla ya rambirambi husomwa mbele ya wafiwa na majirani. Kamati ya harusi nayo haivunjwi kabla ya mapato na matumizi kusomwa, hata kama kilichobaki ni shilingi elfu mbili.

Siku hizi maombi mengi ya michango hayapiti tena katika vikao vya namna hiyo. Yanapita Facebook, Instagram, X, TikTok na katika makundi ya WhatsApp. Mwombaji anaweza kuwa shirika lisilo la kiserikali, kikundi cha wazazi, jumuiya ya dini, au ndugu wa mgonjwa. Mtoaji huona picha, husoma maneno machache, huguswa, hutuma fedha, kisha huendelea na shughuli zake. Aghalabu hasikii tena habari za mchango wake.

Makala haya yanaeleza jinsi asasi zinavyoweza kuitumia mitandao ya kijamii kuwafikia watu na kukusanya michango kwa uaminifu, na jinsi wewe, uombwaye, unavyoweza kuitambua asasi ya aina hiyo kabla ya kufungua pochi yako. Mambo hayo mawili ni pande mbili za daftari moja. Kinachomjengea mwombaji heima ya kudumu ndicho kinachomlinda mtoaji, nacho ni hesabu iliyo wazi.

Simu imekuwa mbiu na kapu la mchango

Zamani mbiu ya mgambo ilipolia, watu walikusanyika mahali pamoja ndipo wakachanga. Leo mbiu na kapu vimo katika kifaa kimoja. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, ikifuatiwa na huduma nyingine za fedha kwa simu, anayeombwa anaweza kusoma ombi na kutuma fedha bila kuinuka kitini.

Mabadiliko hayo yana faida kubwa. Kikundi kidogo cha Tandahimba kinaweza kusikika Mwanza, na Mtanzania aishiye Muscat au London anaweza kuchangia kisima cha kijijini kwao siku hiyohiyo. Asasi isiyo na fedha za kulipia tangazo la redio inaweza kueleza kazi yake kwa gharama ya bando la intaneti. Vilevile misaada ya dharura huweza kuitishwa kwa haraka. Maporomoko ya tope yalipoikumba Hanang tarehe 3 Desemba 2023, na jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu wengi waliokuwa mbali na maeneo hayo walitaka kujua watasaidiaje.

Hata hivyo, wepesi huo una upande wa pili. Katika kikao, mtoaji humwona mhazini uso kwa uso na anajua nyumba yake iko wapi. Mtandaoni anaona jina na picha tu. Kwa hiyo asasi inayotaka kuaminiwa haina budi kuurudisha ule uwazi wa kikao kwa njia nyingine.

Asasi inayoomba vizuri hufanya nini

Kwanza, hujitambulisha kikamilifu. Ukurasa wake hueleza jina kamili la asasi, mahali ilipo ofisi, namba ya usajili na mamlaka iliyoisajili, pamoja na majina ya viongozi. Jina lililo katika ukurasa hulingana na jina la akaunti ya benki au la namba ya malipo. Pakiwa na tofauti, asasi huieleza bila kusubiri kuulizwa.

Pili, hutumia njia chache za kupokea fedha, na hazibadiliki ovyo. Namba moja ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la asasi ni bora kuliko namba tano za watu binafsi. Kila namba inayoongezwa ni mlango mwingine wa kulinda, na humpa tapeli nafasi ya kuingiza ya kwake katikati.

Tatu, huomba kwa jambo mahususi. Maneno kama “tuwasaidie watoto wetu” hayamwelezi mtoaji lolote. Ombi lililokamilika husema kinahitajika nini, wapi, kwa bei gani, hadi lini, na kitafanyika nini iwapo fedha zitapungua au zitazidi. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo chanzo cha manung’uniko mengi.

Nne, huulinda utu wa anayesaidiwa. Picha ya mgonjwa akiwa kitandani, au ya mtoto aliyevaa matambara, huvuta huruma upesi, lakini hubaki mtandaoni hata baada ya mtoto kukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Asasi makini huomba ridhaa ya mhusika, au ya mzazi au mlezi ikiwa ni mtoto, na hueleza ridhaa hiyo ni ya matumizi gani. Inaweza pia kuonyesha jengo, vitabu au mikono ikifanya kazi, bila kuonyesha sura ya mtu.

Tano, huzungumza na watu hata isipoomba. Ukurasa unaoamka siku ya kuomba tu humchosha msomaji. Asasi inayofundisha akina mama lishe ya watoto, kwa mfano, inaweza kutoa kila wiki somo fupi la namna ya kuandaa uji wenye virutubisho. Atakayenufaika na somo hilo leo ataielewa asasi hiyo itakapoomba kesho. Asasi hujibu pia maswali yanayoulizwa katika maoni, hata yaliyo makali, wala haiyafuti. Swali lililojibiwa hadharani huwaridhisha mamia waliokuwa na swali hilohilo kimoyomoyo.

Sita, hutoa hesabu. Hilo ndilo linaloyashinda yote matano yaliyotangulia, na sehemu inayofuata inaonyesha kwa nini.

Visa viwili kutoka Marekani

Mwaka 2014, watu wa nchi nyingi walijirekodi wakijimwagia ndoo ya maji ya barafu, kisha wakawataja wenzao wafanye vivyo hivyo au wachangie vita dhidi ya ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua. Katika majira hayo ya kiangazi, chama cha ALS Association cha Marekani kilipokea dola milioni 115. Wapo waliodhani kwamba huo ulikuwa mchezo wa kupita tu. Chama hicho kilichapisha mgawanyo wa fedha hizo, na takribani theluthi mbili zilielekezwa katika utafiti. Mwaka 2016 watafiti waliosaidiwa na fedha hizo walitangaza kuibaini jeni iitwayo NEK1 kuwa inahusiana na ugonjwa huo. Aliyetoa dola zake chache aliweza kufuatilia zilikokwenda.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2017. Mwanamke na mwanamume walianzisha mchango katika jukwaa la GoFundMe kumsaidia mtu asiye na makazi. Walidai kwamba mtu huyo alitumia dola zake 20 za mwisho kumnunulia mwanamke huyo petroli alipokwama barabarani huko Philadelphia. Hadithi hiyo ilipendeza sana, ikaenea upesi, na watu zaidi ya 14,000 wakachanga zaidi ya dola 400,000. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa jimbo la New Jersey walieleza kwamba kisa chote kilitungwa. Baadaye wote watatu walikiri makosa mahakamani, na jukwaa likawarudishia waliochanga fedha zao.

Zingatia jinsi uongo huo ulivyofichuka. Hakuna aliyeushuku kwa kuitazama picha. Mambo yalianza kufumuka pale aliyedaiwa kuchangiwa alipolalamika kwamba hakupewa fedha zote, na swali la hesabu likafika mahakamani. Hadithi nzuri inaweza kutungwa kwa saa moja, lakini hesabu yenye risiti ni vigumu zaidi kuitunga, maana kila mstari wake unamtaja muuzaji, tarehe na kiasi vinavyoweza kuulizwa.

Hesabu inavyopaswa kuonekana

Hesabu ya mchango haihitaji lugha ya wahasibu. Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wazazi kilichoomba fedha za madawati 60 ya shule ya msingi. Bei ya dawati moja ni shilingi 95,000, na usafiri ulikadiriwa kuwa shilingi 300,000, hivyo lengo lilikuwa shilingi 6,000,000. Baada ya mwezi mmoja kikundi kinaweka taarifa hii katika ukurasa wake:

Fedha zilizopokelewa: shilingi 6,240,000.
Madawati 60: shilingi 5,700,000.
Usafiri: shilingi 270,000.
Makato ya huduma za fedha: shilingi 38,000.
Salio: shilingi 232,000.
Madawati mawili ya nyongeza kutokana na salio: shilingi 190,000.
Kiasi kilichokabidhiwa shule kwa stakabadhi: shilingi 42,000.

Mistari saba inatosha. Msomaji anaona kwamba usafiri ulipungua bei, kwamba makato hayakufichwa, na kwamba ziada ilinunua madawati mengine mawili badala ya kuyeyuka. Taarifa hiyo ikiambatana na picha za risiti na ya madawati yakiwa darasani, kikundi hicho hakitakuwa na haja ya kusihi sana kitakapoomba tena fedha za kukarabati paa.

Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyosajiliwa Tanzania Bara, hesabu si hiari. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inayataka kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zao na taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo unapoliuliza shirika lilitumiaje michango, hulivunjii heshima. Unauliza jambo ambalo tayari linapaswa kuwa nalo.

Hila zinazotumika mara nyingi

Wanaoghushi maombi ya michango hawabuni mengi. Hutwaa ombi la kweli na kubadili sehemu moja tu.

Hila ya kwanza ni kunakili ukurasa. Picha ni zilezile na maneno ni yaleyale, ila namba ya kupokelea fedha imebadilishwa. Unapopokea ombi lililosambazwa katika kundi la WhatsApp, usitume kwa namba iliyo katika ujumbe huo. Tafuta ukurasa wenyewe wa asasi na ulinganishe.

Hila ya pili ni jina linalofanana. Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, zilizuka tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti ya pili ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa, na watumishi kadhaa wa umma wakatenguliwa nyadhifa zao. Funzo kwa mtoaji ni kulisoma jina la akaunti neno kwa neno, wala asiridhike kwamba “linafanana”.

Hila ya tatu ni picha ya zamani au ya nchi nyingine. Picha ya mafuriko ya miaka iliyopita huwekwa maelezo mapya. Siku hizi zipo pia picha na sauti zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Unaweza kuitafuta picha kwa huduma ya Google Lens ili uone kama iliwahi kutumika mahali pengine.

Hila ya nne ni haraka. “Upasuaji ni kesho asubuhi, tuma sasa hivi.” Dharura za kweli zipo, na ndiyo maana hila hii huwapata wengi. Lakini hata dharura ya kweli haizuii kupigwa simu moja ya kuuliza.

Tahadhari nyingine inahusu alama ya tiki ya bluu. Tangu mwaka 2023, watumiaji wa Facebook, Instagram na X katika nchi mbalimbali wameweza kuipata kwa kulipia ada. Haithibitishi kwamba asasi imesajiliwa, wala kwamba hesabu zake ni safi.

Kabla ya kutuma

Hatua zifuatazo huchukua dakika chache. Zifuate hasa pale usipomfahamu anayeomba.

1. Uliza asasi imesajiliwa wapi. Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na Msajili aliye chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Jumuiya za kijamii na za dini huwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bodi za wadhamini huwa RITA. Kikundi cha mtaani kinaweza kuulizwa kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili.

2. Tazama machapisho ya nyuma. Je, asasi iliwahi kuomba? Kama iliomba, ilitoa taarifa ya matumizi? Ukurasa wenye maombi kumi na usio na hesabu hata moja umekwisha kukujibu.

3. Uliza swali moja hadharani, katika maoni: “Fedha zikizidi mtafanyaje?” Angalia kama utajibiwa, au kama swali lako litafutwa.

4. Ikiwa ni mgonjwa, omba kujua hospitali aliyolazwa, kisha uwasiliane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo. Pale hospitali ya umma inapotoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, ni afadhali waliochanga wakubaliane kulipa kwa namba hiyo. Fedha huenda hospitalini moja kwa moja bila kupitia mkononi mwa mtu.

5. Unapotuma kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri. Ikiwa jina si la asasi wala la mhazini aliyetajwa, sitisha.

6. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, wala namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi. Kupokea mchango hakuhitaji siri yoyote ya mtoaji.

Baada ya kutuma

Hifadhi ujumbe wa muamala pamoja na picha ya ombi lenyewe, maana chapisho linaweza kufutwa. Muda uliotajwa ukipita bila taarifa, iandikie asasi kwa adabu na uulize. Mara nyingi ukimya unatokana na uzembe tu, na swali lako litaikumbusha wajibu wake.

Ukigundua kwamba umetapeliwa, toa taarifa mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, au kwa benki yako. Kila dakika ina thamani, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuzirejesha. Namba inayotumika kwa utapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, utaratibu uliowekwa chini ya usimamizi wa TCRA. Toa taarifa pia kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na ushahidi uliouhifadhi. Usione haya kwa kuwa kiasi ni kidogo. Tapeli wa mitandaoni hutajirika kwa elfu mbilimbili za watu wengi wanaonyamaza.

Wanaoathirika na utapeli huo ni wengi kuliko waliopoteza fedha. Kila ombi la uongo humfanya msomaji apite bila kusimama kwenye ombi linalofuata, nalo huenda ni la mama ambaye kweli mwanawe amelazwa na kweli amekosa fedha za dawa. Mama huyo hana namna ya kuishinda shaka iliyopandwa na wengine, isipokuwa kwa kuwaonyesha watu ankara, risiti na jina la mtu wa kuulizwa. Asasi zikizoea kuyaweka hayo wazi, na watoaji wakizoea kuyadai, ombi lake litasomwa na kuaminiwa.

Kutoa ni moyo. Endelea kutoa kwa kadiri ya uwezo wako, na kila unapotoa, uliza daftari liko wapi.